Leseni Nzuri Mno

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza daftari. Tuone nani atachoka kwanza.

Daftari hili sikulinunua. Nimelishona mwenyewe kwa karatasi zilizoharibika mashineni. Ukigeuza ukurasa huu utakuta kadi ya harusi ambayo jina la bwana harusi limetokea mara mbili na la bibi harusi halimo kabisa. Si kosa langu. Mimi sikosei. Wengine wakikosea huniletea nirekebishe, ndiyo maana naitwa Bingwa. Jina nilijipa mwenyewe, lakini jina likishaitikiwa, ni jina.

Kwa atakayeliokota: mimi huchora kazi za kuchapisha. Kadi, mabango, vibandiko vya chupa, maboksi. Niko hapa kwenye duka la uchapaji la Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Shule tuliachana kwa amani: yenyewe haikunitafuta, nami sikuisumbua. Duka lina vyumba viwili. Cha nyuma kina mashine ya kuchapia, inayotetemesha mpaka meno. Cha mbele tuko wachoraji wawili: mimi, na binti mmoja mwenye cheti cha usanifu, niliyemwita Dada Diploma siku ya kwanza na hajawahi kulifurahia jina hilo hata siku moja.

Dada Diploma anatumia programu ya bure. Ya bure! Miaka yote ile darasani, akaishia kuokota kitu kinachogawiwa ovyo kama vipeperushi. Mimi laptop yangu ni nzee, haiwaki mpaka ikohoe, lakini ndani yake mna ile programu kubwa wanayotumia wakubwa wa dunia nzima. Aliniwekea rafiki yangu Fundi Ufa, anayebadilisha vioo vya simu mtaa wa pili. Kufuli aliivunja mwenyewe, dakika kumi tu, huku anatafuna kijiti.

Meza ya dirishani iko wazi tangu mchoraji wa zamani aondoke. Mimi nakaa kwenye benchi, jirani na kikata karatasi. Nalitazama lile dirisha siku nzima. Nondo zake zimepindwa kama mikia ya mijusi inayokimbizana. Ile meza ni yangu, haijaambiwa tu.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Kadi mbili za harusi. Nimeinuka kwenye benchi mara ishirini na moja, Dada Diploma kahesabu.

Alhamisi, 5 Machi

Leo kuna habari.

Ameingia mama mmoja mfupi, mwavuli umevunjika mbavu mbili, kabeba mfuko unaonukia chumba kizima. Sabuni. Anazichemsha yeye na wenzake wawili, aina sita. Nimeshampa jina: Bi Sabuni. Amepata duka kubwa lenye matawi mengi linalotaka kuziweka rafuni, ila maboksi yawe ya maana.

Mama Mkubwa katutazama wote wawili, mimi na Dada Diploma, kama mtu anayechagua kuku. Mimi nimesimama kabla sijaitwa.

"Mama, sabuni hii ukinipa mimi, watu watanunua boksi, sabuni waiache."

Bi Sabuni kacheka. "Nataka wachukue vyote viwili, mwanangu."

Kisha katoa karatasi. Lile duka kubwa linataka mchoraji aoneshe kwamba programu aliyochorea ni yake kihalali. Leseni. Aiambatanishe na kazi.

"Unayo?" Mama Mkubwa kaniuliza.

Nimesikia mdomo wangu ukijibu kabla yangu. "Ninayo."

Dada Diploma aliacha kubofya. Alinitazama tu, halafu akaendelea kubofya.

"Basi kazi ni yako," akasema Mama Mkubwa. "Ikienda sawa, meza ya dirishani yako. Ikiharibika, kikata karatasi kinakujua na wewe unakijua."

Ijumaa, 6 Machi

Sijakaa. Nimekwenda mlangoni, nimerudi. Bibi nyumbani, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, kaniambia, "Mume wangu, wewe umekalia siafu au umemeza?" Nimemwambia mke hamuulizi mume maswali ya kazi. Kanirushia kandambili. Hakunipata.

Jumatatu, 9 Machi

Nimechunguza jinsi mtu anavyokuwa halali. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kuikodi ileile kubwa. Unalipa kila mwezi. Kodi yake inazidi ya chumba chetu mimi na Bibi, na chumba angalau kina mlango. Ya pili ni ya kampuni nyingine, unanunua mara moja ikawa yako. Nimeipenda. Nimeipa laptop yangu ijaribu, ikajibu kwamba yenyewe ni nzee mno kwa mambo hayo. Sikuitukana. Ilisema kweli.

Ya tatu ni ile ya Dada Diploma. Hiyo sihesabu. Bingwa hali makombo.

Nimemsimulia Bibi habari ya kukodi. Kajibu bila kuinua macho: "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Nimemwambia hii si nguo. Kasema, "Matako ni yaleyale."

Jumanne, 10 Machi

Wazo limenijia nikiwa nimesimama mlangoni natazama maji yanavyoshuka kwenye mfereji. Leseni ni nini? Ni karatasi. Nani huchora karatasi kushinda mimi?

Alhamisi, 12 Machi

Nimeimaliza. Asubuhi mbili, Dada Diploma akiwa amekwenda kwa wateja.

Niandike bila aibu: sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Kwa kuwa sijawahi kuona leseni ya kweli, hapakuwa na wa kunizuia. Juu nimeweka jina la kampuni kwa herufi zilizonyooka kama askari. Katikati jina langu, kubwa. Chini muhuri wa dhahabu wenye meno, na sahihi ya Meneja Mkuu, mtu ambaye nimemzaa mwenyewe na kumpa mkono mzuri kuliko wangu. Lakini uhondo ni pambo la ukingoni. Nilikuwa nikilitazama dirisha, nikazichora zile nondo: mijusi inayokimbizana, mkia kwa mkia, inazunguka karatasi nzima na mwisho wake huuoni. Nimeiprinti kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa.

Mama Mkubwa kaishika kwa vidole viwili. "Kumbe hivi ndivyo zilivyo?"

"Hivi hivi, Mama."

Kaitia kwenye bahasha, kampelekea Bi Sabuni. Kichekesho chenyewe ni kwamba nimeichorea kwenye programu ileile ya wizi. Kama mwizi anayejiandikia barua ya sifa kwa kalamu aliyoiba.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Maboksi yameanza. Nimechora matone, majani, mapovu.

Jumanne, 17 Machi

Bi Sabuni kaja kuyaona. Kasema yamepoa.

Ijumaa, 20 Machi

Nimeongeza mapovu. Kasema sasa yamepoa na yana mapovu.

Jumatano, 25 Machi

Nimeweka mwanamke anayenawa uso huku anacheka. Bi Sabuni kakitazama kicheko kile muda mrefu. "Huyu sabuni imemwingia machoni?" Dada Diploma kaenda chumba cha nyuma ghafla. Nilimsikia akicheka, na mashine ilikuwa imezimwa.

Nimezunguka duka mara nne. Tumebakiza wiki tano kufikia siku ya lile duka kubwa. Maboksi sita, na hakuna hata moja lililopendwa.

Jumatatu, 30 Machi

Leo nahitaji kurasa nyingi.

Nilitaka aina mpya za herufi, nikaiunganisha laptop na intaneti. Fundi Ufa aliniambia siku ileile ya kwanza: "Usiunganishe ukiwa umeifungua." Lakini mvua ilikuwa inapiga bati, sikuwa naisikia hata akili yangu mwenyewe, na Bi Sabuni alikuwa anakuja saa nane. Nikaunganisha. Ikafikiria. Halafu skrini yote ikawa nyeupe na dirisha dogo katikati: nakala hii si halali. Chini yake kitufe kimoja tu. Lipia.

Nikazima, nikawasha. Ikakohoa, ikaleta dirisha lilelile. Mafaili yangu yote yalikuwepo, nayaona majina yake, na hakuna kinachoyafungua. Maboksi sita, kadi za mwaka mzima, na ile leseni.

Nimekimbia kwa Fundi Ufa bila mwavuli. Alikuwa ameinamia simu ya mtu.

"Kaka, imejifunga."

"Uliunganisha?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Mimba nayo huingia kidogo." Hakuinua kichwa. "Lete laptop nikuwekee nyingine. Mafaili ya zamani sikuahidi."

"Kuna kazi ya mtu mle!"

"Mwanangu," kasema, na sauti ilikuwa ya upole kabisa, ndiyo iliyoniuma, "kitu cha wizi hakina waranti."

Miezi yote hii nimemwona mjanja kuliko wote mtaani. Leo nimeona kwamba ujanja wake unaishia pale kwenye kijiwe chake. Ukishaondoka na kitu chake mkononi, uko peke yako. Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa sisikilizi.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Na Bi Sabuni amefika, amekaa kwenye kiti cha mteja, bahasha ile mapajani.

Mama Mkubwa amesimama nyuma yake. Dada Diploma ameinamia kazi yake mno, kama mtu anayetafuta sindano. Nikajua. Nikasema moyoni: ameniuza.

Bi Sabuni kaitoa leseni, kaiweka mezani, kailainisha kwa kiganja.

"Mwanangu, hii umeichora mwenyewe?"

"Mama, hiyo ni ya kampuni..."

"Nimeuliza kwa heshima."

Mvua ilipiga bati. Nilitamani ipige zaidi.

"Umejuaje?" nikasema.

"Nzuri mno," kasema. "Nimeifungua bahasha jana tu, naandaa za kupeleka dukani. Nimewahi kuziona leseni mbili. Zote mbaya. Barua tu, namba ndefu, maneno yamebanana. Watu wale hawana muda wa kumpendeza mtu. Hii imepambwa na mtu aliyekuwa na hofu."

Mama Mkubwa akakitazama kikata karatasi. Bora angenipiga.

Kisha Bi Sabuni akanieleza, wala hakupandisha sauti. Wao walikuwa na maboksi mengine mwaka jana, mazuri tu. Mchoraji wao aliiba aina ya herufi. Mwenye herufi akayaona, duka likayarudisha yote. "Tulikaa chini watu watatu tukayachana kwa mikono. Siku mbili. Mwenzangu mmoja vidole vilichanika. Duka limetupa nafasi ya pili, ya tatu halina. Ningeipeleka hii, sabuni yetu isingekanyaga pale tena."

Nikaitazama miguu yangu inavyolowesha sakafu.

"Nimekuja kuichukua kazi niipeleke kwingine," akasema. Akainuka. Akaichukua ile leseni ili aichane, nikamwona anashika ncha mbili. Halafu akasita. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

"Hili la pembeni ni nini?"

"Pambo."

"Umelitoa wapi?"

Nikaonesha dirisha. Wote watatu wakageuka kulitazama, kama ndiyo kwanza limejengwa.

"Wiki mbili nzima unaniletea mapovu," kasema Bi Sabuni, na hapo ndipo alipokasirika kweli, "na hili umelificha kwenye uongo!"

Katupa mpaka mwisho wa Aprili. Pambo lile kwenye maboksi yote sita, na leseni ya kweli. Kikikosekana kimoja, hataki kumwona mtu.

Jumanne, 31 Machi

Nimemfuata Dada Diploma asubuhi, nimemwambia maneno. Sitayaandika hapa yote. Nimemwita kipaza sauti cha Mama Mkubwa. Kaniacha nimalize.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Maliza."

Nikakaa kwenye benchi.

"Mdogo wangu, nilijua tangu siku ile uliposema 'Ninayo'. Nimekaa na hilo wiki nne. Kama ningekuwa wa kusema ningesema siku ile, na leo nisingekuwa nalaumiwa na mtu aliyelowa." Kisha kasema: "Kosa langu ni kwamba sikukwambia wewe."

Nimetoka nikasimama kwenye mvua kwa makusudi. Haikusaidia.

Jumatano, 1 Aprili

Nimemwomba radhi. Fupi. Kasema hajasikia, nirudie. Nimerudia. Kasema alisikia mara ya kwanza.

Alhamisi, 2 Aprili

Nilirudi kwenye wazo la kukodi. Programu kubwa ina siku saba za kujaribu bure, na inayafungua mafaili yangu ya zamani. Siku saba, kwa mkono wangu mimi, zinatosha maboksi sita na bado nikaoga.

Dada Diploma kanisikiliza, kisha kafungua kompyuta yake, kanionesha folda moja. Majina ya mafaili, mistari na mistari.

"Hii ni kazi yangu ya mwisho ya chuo. Na miaka miwili baada yake. Niliikodi ileile. Mwaka niliokosa kazi sikuweza kulipa, ikafunga. Naviona vichwa tu, kama watu dirishani. Wananipungia mikono, siwafikii."

"Si ungelipa mwezi mmoja uwatoe?"

"Kila mwezi nilikuwa nasema hivyo. Sasa zimekuwa za zamani, na programu imekuwa mpya, na mimi nimechoka." Kafunga folda. "Bi Sabuni akitaka kubadilisha neno moja mwakani, utalifungulia wapi?"

Na mimi niliyedhani anatumia ya bure kwa sababu hajui nzuri! Alikaa ndani ya nzuri, akatolewa, vyombo vikabaki.

Nimemwambia: "Nifundishe hiyo ya makombo."

"Iite jina lake."

"Nifundishe hiyo ya bure, Dada."

Hakuniambia nimwite nani. Lakini la diploma nimelitoa kuanzia leo.

Jumatatu, 6 Aprili

Ni mbaya. Vifungo vimejificha kama panya. Kitu nilichokuwa nakifanya kwa kidole kimoja hapa kinataka vitatu na dua. Nimeitukana, nimetoka, nimezunguka duka, nimerudi, nimeitukana tena kwa maneno mapya.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Nimechora duara. Likawa yai.

Alhamisi, 9 Aprili

Duara limekuwa duara. Nimemwita Mama Mkubwa aje alione. Kaja, kalitazama, kaniuliza kama nimeanza darasa la kwanza. Lakini alikuja.

Jumatatu, 13 Aprili

Pambo. Faili lake limefungwa mle ndani na mijusi yake yote. Kilichobaki ni ile karatasi ya leseni tu, ambayo Bi Sabuni aliiacha mezani. Nilitaka kuipiga picha nifuate mistari juu yake. Dada kasema, "Unaliiga la kwako mwenyewe? Asili yake si ile pale?" Akaonesha kwa kidevu, dirishani.

Mama Mkubwa kaniruhusu nikae kwenye meza ya dirishani. "Kwa kuazima," kasema. "Usizoee."

Nimekaa saa tatu mfululizo. Nimeandika hapa ili baadaye nisibishane na mtu: saa tatu, bila kuinuka. Kwa karibu nondo si zile nilizozijua kutoka kwenye benchi. Fundi aliyezipinda hakuzipinda sawa. Mjusi mmoja ana kichwa kinene, mwingine mkia umerudi nyuma kama amesikia kitu. Kwenye leseni niliwachora wote mapacha. Leo nimewachora walivyo.

Ijumaa, 17 Aprili

Bibi kauliza mbona siku hizi nakaa mpaka namaliza chakula. Nimemwambia nimekua. Kasema atatafuta mume mwingine, huyu kashazeeka.

Jumatatu, 20 Aprili

Balaa.

Maboksi yote sita tayari, mazuri skrinini mpaka unatamani kulamba kioo. Tumechapa ya majaribio. Kijani, kile kijani kibichi nilichokipigania siku mbili, kimetoka mashineni kama maji ya bwawa. La waridi limekuwa ngozi ya mgonjwa.

Nilijua! Nilisema! Kitu cha bure! Nimepiga teke benchi, benchi likashinda. Nikasema mbele ya wote narudi kwa Fundi Ufa, naweka nyingine ya wizi, nachapa, nani atajua.

Mama Mkubwa kazima mashine. Chumba kikawa kimya, mvua tu.

"Njoo hapa."

Nikaenda nikichechemea.

"Miaka ishirini na sita nasimama kwenye mashine hii. Wamekuja na programu za kila namna, za kununua, za kuiba. Wote wanalilia kijani. Unajua kwa nini? Skrini ni taa. Karatasi si taa. Hakuna programu itakayoifanya karatasi iwake." Kanipiga kidole kwenye paji la uso, taratibu. "Ulikuwa hujui kwa sababu siku zote nilikuwa nakurekebishia rangi mimi, kimyakimya. Nilidhani nakusaidia."

Kumbe. Mwaka na nusu naitwa Bingwa, na kijani changu kilikuwa cha Mama Mkubwa.

Jumatano, 22 Aprili

Kaniambia nichore vijisanduku vya kijani, kila kimoja kimezidi kidogo au kimepungua kidogo, na namba chini yake. Vijisanduku themanini. Tumevichapa kwenye karatasi ileile ya boksi. Bi Sabuni kaja na sabuni yenyewe, kakaa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kaisogeza sabuni kwenye kila kijisanduku kama anayepima mtoto viatu.

"Arobaini na tatu," kasema.

Skrinini arobaini na tatu ni kibaya, kimechujuka. Kwenye karatasi ni sabuni tupu. Ningekiona skrinini ningekifuta.

Alhamisi, 23 Aprili

Rangi nyingine tano. Mchana mzima mlangoni. Mvua imepungua, au nimeacha kuisikia.

Jumatatu, 27 Aprili

Zimebaki siku tatu, na leo imekuwa zamu ya leseni.

Programu ya bure nayo inayo. Sikujua. Nilidhani cha bure hakina karatasi. Ni maandishi marefu ya kizungu, Dada kanitafsiria akiwa anakunywa chai. Kwa ufupi yanasema: itumie utakavyo, kwa kazi yoyote, hata ya kuuza, na utakachochora ni chako. Nimemwambia arudie hapo mwisho. Karudia.

"Hata nisipolipa?"

"Hata usipolipa."

"Hata wakinikasirikia?"

"Hawakujui, Bingwa. Nani akukasirikie?"

Herufi nazo nimechagua za namna hiyohiyo, karatasi yake nimeichapa pembeni. Jina la sabuni nimelichora kwa mkono wangu, hilo halina wa kulidai.

Leseni yenyewe nimeiprinti. Jamani. Hakuna muhuri. Hakuna sahihi. Jina langu halimo popote. Maneno yamejaa kutoka juu mpaka chini kama watu kwenye foleni, herufi nyembamba, pembeni patupu. Patupu kabisa. Nafasi ya vidole viwili kila upande, imekaa inaniangalia.

Nimeiweka chini, nimeenda mlangoni, nimerudi. Mjusi mmoja tu, nikawaza. Kwenye kona. Mdogo. Mkono uliniwasha mpaka nikaukalia.

Alhamisi, 30 Aprili

Bi Sabuni kaja saa nne. Mwavuli uleule, mbavu zilezile mbili, ila leo kaufunga. Nje kuna jua la woga woga.

Maboksi sita tuliyapanga mezani, tumeyakunja kabisa, na sabuni ndani. Mijusi inazunguka kila moja, mwenye kichwa kinene, mwenye mkia uliorudi nyuma. Kaizunguka meza nzima. Akanyanyua la kijani, akalinusa, sijui kwa nini, akalirudisha. Hakusema yamepoa.

"Na karatasi?"

Nikampa. Kaipeleka mlangoni, pale pale kwenye mwanga. Kaitazama juu. Kaitazama chini. Kageuza nyuma, patupu. Kapitisha kidole pembeni, kwenye ile nafasi, taratibu, pande zote nne, kama anayetafuta kitu. Dada aliacha kubofya. Mama Mkubwa alisimama mlango wa nyuma na kitambaa cha wino mkononi.

"Hii," kasema Bi Sabuni, "ni mbaya kweli kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Haina hata ua."

"Haina, Mama."

Kaikunja, kaitia kwenye mkoba, kafunga zipu.

"Basi hii ndiyo."